Tuta la Nane

Gereji ya Wadi Kabir, saa kumi, bati linachemka.
Fundi Shaji anapanga seti mbili za springi mezani:
nyekundu zinashusha sentimita nne,
za buluu mbili na nusu.

Moyo umekwisha chagua nyekundu.
Naliona gari limejibana chini,
paka anayenyemelea njiwa,
madigadi yamekumbatia tairi,
vijana wa Seeb wakigeuza shingo.

Shaji hasemi kitu. Anapitisha vidole
kati ya tairi na bodi: vinne vinaingia.
"Njia ya kwenu ina matuta mangapi?"

Nayahesabu. Saba,
na la nane mbele ya msikiti
ambalo halikupakwa rangi.
Kisha mteremko wa geti. Kisha Ijumaa,
Bi Thuwaiba na goti lake bovu,
sinia la mikate ya ufuta mapajani,
akishuka kwa kunishika bega:
"Mwanangu, hiki kiti au kisima?"
Na hapo sijashusha hata unywele.

"Tia buluu."

Ijumaa, tuta la nane. Napunguza, nabana pumzi.
Bampa linalamba saruji kidogo tu,
sauti ya ukucha kwenye sufuria.

Pembeni yangu, bibi anahesabu mikate.
Yote ipo.