Jiwe la Ronald

Mchonga mawe wa Halifax hutoza kwa herufi;
alama, alisema Clifford Garside, ni bure.
"Basi nipe moja nzuri," akajibu Enid,
miaka thelathini na minne msahihishaji wa gazeti,
kalamu nyekundu ingali mfukoni mwa koti la msiba.

Kwenye karatasi Clifford alikuwa ameandika:
*Alitengeneza saa, hakuwahi kufika kwa wakati.*
Enid akautazama ule mkato kama nzi ndani ya maziwa.
"Sentensi mbili kamili, kila moja na miguu yake.
Kwa Kiingereza, bwana, hatuzifungi kwa uzi wa kushonea."

Nukta pacha, je?
Akaijaribu kwa risasi, akaifuta.
Ile hufungua mlango: ikishaahidi, sharti ilipe.
Kauli isimame kwanza yenyewe,
ndipo lifuate jibu, au orodha, au sababu.
Lakini saa hazikueleza kuchelewa kwa Ronald,
wala chakula cha jioni kilichopoa
tangu mwaka walipooana.

Akaweka nukta, na chini yake mkato.
*Alitengeneza saa; hakuwahi kufika kwa wakati.*
Pale nukta inapotaka kufunga duka
mkato unaishika mkono: subiri, kuna la pili.
Mambo mawili, ukuta mmoja kati yao,
kama wao na kitanda chao.

"Na mwishoni," Clifford akauliza, patasi mkononi,
"nukta?"

Enid akafunika kalamu.
"Acha. Bado nina neno naye."