Hodi Isiyopigwa

Saa nne asubuhi, Jacobabad, na mpini wa bomba
tayari haushikiki kwa mkono mtupu.
Nalowesha shati la Bachal, silikamui,
namvika likiwa linachuruzika.
Kwa nusu saa atakuwa mtoto kama watoto,
atakimbiza mpira wa kriketi kichochoroni na Sanwal,
kisha shati litakauka,
macho yataanza kuwiva,
naye atarudi kwangu bila kuitwa.

Hatoki jasho. Hata tone.
Meno anayo manne, yamechongoka kama misumari ya fundi viatu;
nywele zake unaweza kuzihesabu.
Bibi alisema ni jicho la mtu.
Mama hakusema kitu. Kaka yake alizikwa mwezi Juni,
mimi sijazaliwa bado,
na aliyemwosha alisema ngozi ilikuwa kavu kama karatasi.

Daktari Shahnila alichora nyuma ya risiti ya dawa
ngozi ya mimba changa, laini, haina kitu:
tabaka la juu, tabaka la chini,
majirani wawili na ukuta mmoja.
Wa juu hutoa protini, kijumbe kisichoonekana,
kiende kikapige hodi.
Hapa, shina la unywele. Hapa, jino.
Hapa, kisima cha jasho.
Wa chini huitikia karibu,
naye huuliza lake, hujibiwa, huuliza tena,
mpaka kinundu kidogo kuliko punje ya vumbi
kikajua kitakuwa nini.

"Kwa Bachal," akasema, "milango yote ilikuwapo.
Wenyewe walikuwa ndani, wamesimama.
Mjumbe hakufika."

Nikauliza kama anaweza kutumwa sasa.
Akazungusha kalamu vidoleni.
Hodi ina majira yake;
ngozi ikishafunga hesabu haifungui daftari.
Ila kuna sindano, ng'ambo, bado wanaijaribu,
huitia kwenye maji ya uzazi mtoto angali humo.
Kisha akanitazama tumbo.
Mwezi wa tatu.

Akanipaka iodini mgongoni, akaninyunyizia wanga,
akazima feni.
Tukangoja. Nje mtu alikuwa akiuza barafu
kwa sauti ya mtu asiye na haraka.
Muuguzi akanipiga picha kwa simu, akanionyesha:
michirizi myeusi, jasho langu, imeshuka
kama mvua kwenye ukuta wa udongo,
na katikati yake njia nyeupe, kavu,
zimepinda zote kuelekea uti wa mgongo.

Kumbe na mimi.
Huku nilibishiwa hodi,
huku bado nimesimama nyuma ya mlango.

Bachal alinyang'anya simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.
"Hii ramani ya wapi?"
Nikamwambia ya kwetu.
Akaitafuta nyumba, kwa muda mrefu, kwa bidii,
nami nikamgusa bega:
shati lilikuwa limekauka tena.