Nafasi Nne

Kompyuta ilikuwa ya Akeyo, binti wa dada yangu,
bawaba imeshikiliwa kwa gundi ya viatu,
herufi N imefutika kwa kuguswa.
Aliiweka juu ya meza ya mizani, hapa Ahero,
kati ya daftari la madeni na kopo la misumari,
akasema, Iambie itoe salamu, mjomba.
Nikaiambia. Ikakataa.

Mimi, karani wa mpunga, miaka ishirini na miwili
nausoma mshale wa mizani ukitetemeka,
gunia lililotiwa maji nalijua kwa kulinyanyua pembe tu,
leo nakataliwa na mabano niliyosahau kuyafunga.

Kosa, ikasema, mstari wa kwanza.
Kulikuwa na mstari mmoja tu.

Akeyo hakucheka. Jumapili alirudi zake Kisumu,
akaniachia karatasi ya mkono wake:
herufi kubwa na herufi ndogo si ndugu;
nukta pacha ni mlango, usipite bila kuuweka;
na ukishapita, ingia ndani nafasi nne.
Tatu hazitoshi, mjomba. Nakujua.

Nafasi nne. Hewa tupu, nayo inahesabiwa!
Usiku ule nilikasirika
kama mtu aliyetozwa kodi ya kivuli chake.

Asubuhi nikawaona kina mama bondeni,
kamba imevutwa toka tuta hadi tuta,
wanapanda miche wakirudi kinyumenyume,
shibiri, shibiri, shibiri,
na aliyebananisha anarudishwa kung'oa.
Nilisimama ukingoni, viatu mkononi.
Kumbe hata pengo hupandwa.

Basi nikajifunza kukipa kitu jina na kukijaza,
kama debe linavyomiminwa kwenye gunia lenye kibandiko.
Nikajifunza *ikiwa* na *la sivyo*,
ambayo marehemu baba alikuwa ameshanifunza kwa fimbo.

Mwezi wa tatu niliingiza daftari zima:
wakulima mia moja na kumi na wanne,
mbolea, maji, trekta, mbegu.
Nikaiamuru: maadamu deni halijaisha,
andika jina la mwenye deni.
Sikuiambia deni hupunguaje.

Jina la kwanza ni la Dorsila Aweno,
tuliyemzika Novemba, mvua ikitutangulia kaburini
mpaka vijana wakashuka na ndoo kuyachota maji.
Chama bado kinamdai gunia moja na nusu.

Dorsila Aweno
Dorsila Aweno
Dorsila Aweno
Dorsila Aweno

likateremka kama mfereji ulioachwa lango wazi,
likalipita jicho, feni ikivuma,
meza ikapata joto chini ya viganja vyangu,
na mimi sijui kitufe cha kumnyamazisha.

Hakuna aliyewahi kumwita mara nyingi hivyo.
Hata msibani.

Nilimpigia Akeyo. Ni vitufe viwili, akasema, vibonyeze pamoja.
Nikaviwekea vidole.
Nikakaa navyo hivyo kidogo,
yeye simuni akiuliza, Imesimama? Mjomba, imesimama?

Kosa lilikuwa dogo: kila mzunguko, toa malipo.
Mstari mmoja, ndani, nafasi nne.
Sasa hesabu iliyonila wiki mbili
inaisha kabla chai haijapoa,
na katibu anapita akichungulia begani kwangu
kana kwamba nimefuga kitu mezani.

Ila ipo alama nyingine, nyuma ya ile karatasi,
mistari miwili iliyokatwa na miwili, kama reli njia panda.
Ukiitanguliza, mashine huruka yote yafuatayo.
Hiyo ni ya mtu kwa mtu, aliandika Akeyo,
kwa atakayekuja kuisoma baada yako.

Deni la Aweno sina mamlaka ya kulifuta.
Liko palepale, gunia moja na nusu.
Lakini juu yake nimeweka reli zangu, nikaandika:
*huyu alikuwa akipanda bila kamba,
na safu zake zilinyooka.*

Nikaiendesha programu. Haikuona kosa.