Kumi na Moja kwa Ishirini

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa bado na joto,
tunakutana jikoni kwa Glenys, mjini Hull,
watu wanne, kila mtu na chupa yake ndani ya soksi.
Sharti ni moja: isizidi pauni saba.
Keith aliyeleta ya nane mwaka jana
aliosha vyombo mpaka Pasaka.

Soksi ni zake pia. Safi, anaapa.
Alizivaa miaka yote ya kuendesha basi
na leo zimevishwa Chile, Moldova, Ureno,
dunia imejipanga mezani, shingo nje.

Mimi ndiye karani. Nina daftari la safu tatu:
rangi, harufu, ulimi.
Wenzangu husema: jiwe lililolowa, penseli iliyochongwa,
matunda ya vichaka nisivyowahi kuviona.
Nikayaandika kwa utiifu miezi minne.
Wa tano nikaonja kitu cheusi cha Ureno
na mkono ukaandika wenyewe: zambarau.
Zambarau zilizoanguka, siku ya pili, nyuki juu yake.

Tangu hapo daftari limekuwa langu.
Ya Moldova: ukwaju uliosahaulika sufuriani.
Nyeupe ya Uhispania: ndimu, kisha chumvi,
kisha unabisha hodi na hakuna mtu.
Ya Bulgaria, pauni nne na peni tisini:
dawa ya kikohozi, ila ya daktari mwenye huruma.
Nao wamejifunza kwangu neno moja,
wanalitamka kama wanaotafuna: ukakasi.
Wojtek hushika shavu. Ukakasi, anasema,
ukakasi wa ndizi mbichi!
Ndizi mbichi kaijulia wapi?
Nilimwonjesha mimi, makusudi.

Hawajui kwamba nimepogoa mizabibu.
Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma, udongo mwekundu,
mkasi wa baba uliofungwa mpini kwa mpira wa tairi,
na wanunuzi waliofika tunda likishaanza kuchacha,
wakitaja bei huku wakitazama mawingu.
Baba aliuza zabibu kwa kilo, akanywa chai.
Mvinyo hakuwahi kuugusa.
Sijawasimulia. Hapa mimi ni mwanamke wa maabara ya hospitali
mwenye mwandiko unaosomeka.

Februari nilifanya uhuni.
Nilinunua chupa mbili za aina moja,
Afrika Kusini, pauni sita kasoro kidogo.
Moja nikaileta kama yangu,
nyingine nikaivika soksi ya ziada,
nikasema ni zawadi ya jirani.

Ya kwanza ilipita saa moja na nusu usiku,
mvua ikipiga kioo, Keith akilaumu goti.
Kumi na moja, tukakubaliana. Nyembamba. Haina mkia.

Ya pili ilimiminwa karibu na saa nne,
simu ilipokwisha kulia kule koridoni:
mwana wa Glenys, kutoka Calgary,
miaka mitatu bila neno.
Alirudi macho mekundu, akachukua glasi iliyo karibu,
akanywa, akaketi.
Hii, akasema.
Kumi na nane, akasema Keith.
Wojtek akaongeza nusu.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.
Nikaonja tena, kama mtu aliyeapishwa.
Ile ile. Wembamba ule ule.
Ila mwisho kabisa, pembeni ya ulimi,
palikuwa na kitu,
vumbi, labda, vumbi linapopigwa na tone la kwanza
na baba amesimama kati ya mistari, mkasi mkononi,
hajui kama ni heri au hasara.

Nikaandika kumi na nane.
Ukurasa wa nyuma yake, kumi na moja.
Sijafuta hata moja, na sijaungama.

Zamu ya kufua soksi ilikuwa yangu.
Nimezianika juu ya hita, zote zina doa,
wala sijui tena ipi ilivaa ipi.