Jumamosi kwa Kavugho

Sina haja ya kusoma ubao.
Umeandikwa kwa chaki, mvua ya Goma imeramba nusu ya bei,
na Kavugho, akiniona tu nikiinama mlangoni,
ananyoosha vidole viwili kwa kijana wa jiko:
moja ya nyama, moja ya sambaza.
Ya sambaza ni ya binti yangu, Nsimire.

Meza yetu ni ya tatu, ile yenye mguu mfupi
uliopandishwa juu ya kipande cha lava.
Mji mzima umesimama hivyo, nafikiri,
lakini leo sitaki kufikiri. Nina njaa.

Kwanza hufika harufu.
Tangawizi imetangulia, vitunguu saumu vinaifuata kama wadai,
kisha ile sosi nyeusi ya soya
ikikutana na sukari kikaangoni,
ikichemka, ikigoma, ikikubali,
mpaka inakuwa gundi yenye kung'aa.

Halafu sahani.
Mkate umevimba, umechomwa kwa siagi, umenyunyiziwa ufuta;
nyama ya ng'ombe wa Masisi, na juu yake jibini ya Masisi.
"Ng'ombe na maziwa yake wamekutana tena,"
nasema kila Jumamosi, na kila Jumamosi
Nsimire ananiangalia kama mtu asiyenijua.
Chini kabisa, kabichi iliyokaa siku tisa ndani ya ndoo
na chumvi na pilipili, ikijifunza ukali.

Kavugho naye alijifunza huko Guangzhou.
Alikwenda kununua vitenge, viatu, chaja za simu;
kontena likakwama, mwezi mmoja ukawa mitano,
akaosha masufuria kwa mama mmoja wa Kikorea
aliyemlipa kwa wali na kwa kumfokea.
"Alinifokea muzuri," anasema.
"Mukono yangu haisahabu."

Baga hii hailiwi kwa uma.
Mgeni mmoja alijaribu, mwenye kola iliyopigwa pasi,
akaukata mkate taratibu kama anayefungua barua ya kodi;
sambaza wakaruka, mmoja akatua mfukoni mwake.
Hakuna aliyecheka. Tulisubiri atoke.

Njia ni moja: viwiko mezani, mabega mbele,
shika kwa vidole vyote kumi na usiitue,
maana ukiitua haitarudi kuwa kitu kimoja.
Meno yanapita kwenye ulaini,
yanakuta sambaza, kacha, kacha,
yanakuta ndimu,
na pilipili inachelewa, kama umeme wa mtaani kwetu,
lakini ikifika inawasha nyumba nzima.
Sosi inateremka kiganjani, inaingia chini ya mkanda wa saa.
Saa yangu inanuka soya tangu mwezi wa tatu.
Wanafunzi wa mstari wa mbele wanajua.
Hawajasema.

Leo Nsimire, mashavu yamejaa, aliuliza:
"Baba, hii ni chakula ya wapi?"
Nami mwalimu wa jiografia
nikameza haraka, nikainua kidole chenye ufuta,
nianze na bahari, na bandari, na njia za meli,
Kavugho akanitangulia toka jikoni:
"Ni ya hapa. Karibu na pompe ya mafuta."
Nikashusha kidole. Nikakilamba.

Kulipa, nilikuwa na noti ya dola kumi
yenye mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto.
Muuza sukari aliikataa. Wabadilisha pesa waliikataa,
mmoja hata alinipa pole.
Kavugho akaiinua kwenye taa,
akaliona kovu, akaliona vizuri,
akaikunja, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
"Jumamosi," akasema, basi.

Tulirudi kwa miguu juu ya mawe meusi.
Nsimire alinusa vidole vyake njia yote,
na nyumbani, mbele ya beseni na sabuni na mama yake,
alikataa kunawa.