Kipimo cha Kwapa

Kazi yangu ni kupima watu:
kifua, kiuno, mgongo, kwapa.
Mafundi tunaita kwapa hata pale
mkono wa shati unapokutana na mwili wa shati,
hivyo miaka kumi na tisa, hapa Isevya,
nimelitamka mbele ya shehe na mbele ya mchungaji
na hakuna aliyeona haya.

"Inua mkono." Mkono ukiinuka
napata habari ambazo sikuuliza:
huyu katoka gereji, huyu katoka banda la tumbaku,
huyu kajipulizia nje ya mlango wangu, sasa hivi,
na mimi napiga chafya, namba ya kifua inanitoka.

Nami nilikuwa mtu wa kopo.
La waridi, kifuniko cha fedha, elfu nne na mia tano.
Shii kulia, shii kushoto,
na moja ya akiba hewani, niipite kama malkia.
Mpaka Oktoba ile, jua la Tabora likichoma hadi kivulini,
kwapa likaota vipele kama punje za mtama,
nikawa natembea mikono mbali na mbavu.
Mteja akauliza, "Fundi, unataka kuruka?"

Kalunde, ninayemfundisha cherehani, ndiye aliyecheka zaidi.
Kesho yake akaniletea jiwe la shabu
kutoka kwa kaka yake kinyozi.
"Lilowanishe, jipake, acha pakauke. Halina harufu.
Utabaki na ya kwako."
Ya kwangu!
Nilikuwa nimeisahau kama jina la utoto.

Siku za kwanza, nisiseme uongo, zilikuwa mbaya.
Nilijaribu ndimu nikiwa nimetoka kunyoa:
majirani walidhani nimefiwa.
Nilijaribu mawese yaliyokuja na treni ya Kigoma:
blauzi nyeupe, kwapa la rangi ya machungwa.
Mwisho nikafungua droo.
Nta ya nyuki ilikuwemo siku zote,
kipande cheusi cha kupitishia uzi usikatike,
kimechorwa mistari kama kiganja.
Nta, mafuta ya nazi, unga wa muhogo kijiko kimoja,
ndani ya kopo la maziwa, juu ya mkaa wa pasi.

Jasho halikukoma. Ni jasho; lina kazi yake.
Saa nane mchana najifuta kwa kitambaa, naendelea kushona.
Kati ya kunuka na kunukia kuna irabu moja tu,
nami siku nyingi niko hapo katikati.

Mwezi wa pili alikuja Nyamizi wa Cheyo, eda imekwisha,
na shati la marehemu ndani ya mfuko wa rambo.
"Lipunguze limtoshe Mihayo. Usilifue."
Nikafumua kwapa taratibu, mshono kwa mshono,
na pale ambapo mtu hujificha
palikuwa na umanjano mgumu kama gundi
na harufu ya kopo la bluu,
lile la kila mwanamume wa stendi.
Akauchukua mkono wa shati, akaunusa.
"Ndiyo maana," akasema.
"Kila nikishuka stendi namsikia anapita.
Nageuka: kondakta. Nageuka: muuza vocha.
Simjui hata mmoja, na wote ni yeye."

Nikampa kigoda.
Mkono niliushona bila kuupiga pasi.

Kalunde sasa anauza ile nta yetu kwenye vikopo, elfu mbili.
Mimi sijamwambia mtu aache chochote; watu wana pua zao.
Ila jioni, nikivua blauzi kabla ya kuoga,
huwa nalinusa kwapa lake kidogo,
nijue ilivaliwa na nani:
uzi, mkaa, chumvi,
na kitu kingine nisichokijua jina.
Kisha naitundika msumarini.