Ukurasa wa Arobaini na Moja

Saa moja na nusu. Kufuli limeshiba vumbi la Mpwapwa,
nalipuliza kama mtu anayepoza uji,
ndipo linakubali ufunguo.
Upepo wa Julai umelala humu ndani peke yake,
ulipita chini ya mlango bila kadi
na kuandika jina lake juu ya kila meza.
Nafuta. Kesho utaandika tena.

Wa kwanza ni Madeje, kidato cha pili,
miguu yake imebeba nusu ya njia ya kutoka Ving'hawe.
"Madamu, nataka kitabu cha mtama."
Mtama wa babu yake umetoa masizi badala ya punje,
na mzee anasema ni mkono wa mtu.

Mimi mtama naujua sufuriani tu.
Ila najua unakoishi: mia sita thelathini na tatu,
rafu ya tatu, jirani na dirisha lisilofunga.
Nikamwonyesha faharasa.
"Usianzie mbele kila mara kama mgeni anayepiga hodi.
Ingia kwa nyuma, kama mtoto wa nyumba,
uliza neno lako linalala chumba kipi."
Kidole kikashuka: majani, masika, masizi.
Akasoma amesimama, mkoba haujashuka begani,
kisha akacheka kifupi, kama aliyemshika mwizi:
"Kumbe ni kuvu. Kuvu tu!"
"Na babu utamwambiaje?"
Akanyamaza.
Hilo halimo kwenye faharasa.

Saa nne waliingia arobaini kwa mkupuo.
Viti ni kumi na tisa.
Yona Lemanya akaketi juu ya kumbukumbu za Bunge,
majuzuu ambayo hajapata mtu kuyaazima,
nami nikamwacha. Leo angalau yametumika.
Wawili waligombea atlasi, mmoja anataka Singida,
mwingine Brazili, na atlasi ikalia uzi.
Katikati ya makelele nikasikia sauti ya Madeje
ikimfundisha mtoto wa kidato cha kwanza
habari za mlango wa nyuma na mtoto wa nyumba,
kwa Kigogo.
Mimi ni mtu wa Kondoa, miaka kumi na moja hapa,
na maneno yangu sijawahi kuyasikia
yakiwa mazuri namna ile.

Mchana nilikuwa nabandika migongo ya vitabu
kwa gundi ya uji wa ngano
Chitema alipoingia akitazama viatu vyangu.
Kitabu cha kuku. Miezi minne.
Nikakifungua palipojifungua penyewe:
arobaini, kisha arobaini na tatu.
Katikati, meno ya karatasi.
"Mama aliupigilia msumari bandani," akasema,
"ule wa mdondo. Majirani wanakuja kuusoma."

Nilikuwa na sentensi kali, nimeinoa tangu Machi.
Lakini akachomoa daftarini karatasi ya hesabu:
ameunakili wote kwa wino wa buluu, pande zote mbili,
hata kuku mgonjwa kamchora, shingo imepinda,
tena wake ana huzuni kuliko wa mchapaji.
Na chini kabisa, mstari ambao haukuwamo:
*Pilipili haisaidii. Tumejaribu. Chanjeni mapema.*

"Nikaung'oe ule wa bandani, Madamu?"
"Uache. Uko kazini."
Nikabandika mwandiko wake mahali pa yale meno,
nikaupiga muhuri wa maktaba kama kurasa nyingine.
Faini nilimwandikia. Mia tano, alipe polepole.

Saa kumi na moja nafanya hesabu ya siku:
vitabu thelathini na sita vimetoka,
saba vimerudi,
kimoja kimerudi kikiwa kirefu kwa mstari.
Nazungusha tarehe ya muhuri mpaka kesho,
vidole vyangu vina wino na uji.
Upepo umeshaanza kunusa kizingiti.

Dirishani anapita Madeje, kitabu kwapani,
peke yake, midomo inacheza:
anajaribu sentensi, anaiacha,
anarudi nyuma hatua mbili,
anaanza upya na *Shikamoo, babu.*